Kadogo wa Mama Matita

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja aliyeuza kuni na kufuga nguruwe. Watu walimwita Mama Matita, kwa ajili ya matita yake ya kuni. Alikuwa na miaka sitini na minane. Redio yake ilining'inia kwenye msumari wa banda la nguruwe, na sauti hii mnayoisikia ndiyo aliyokuwa akiisikia humo. Binti yake ametuomba tumkumbuke. Ametuambia tusifiche kitu, nasi hatufichi.

Mama Matita alikuwa na shamba dogo, ukipiga chafya huku, jirani wa kule anakuitikia. Mume alifariki mapema. Mtoto alikuwa mmoja tu, binti, na kwa kuwa alizaliwa kadogo kweli, jina la nyumbani likawa hilo hilo: Kadogo. Mahindi yaliisha kila mwaka kabla ya mvua kurudi. Basi mama akapanda miti mpakani, akawa anakata matawi, anayaanika mpaka yakauke, anafunga matita na kuuza. Akaongeza na nguruwe. "Shamba linalisha tumbo," alikuwa akisema. "Kuni na nguruwe vinasomesha."

Na kweli, vilisomesha. Wauzaji wengine huchomeka kuni mbichi katikati ya tita, ukifika nyumbani unalia moshi. Yeye? Thubutu! Mpishi wa shule ya jirani alinunua kwake miaka kumi na minne. Anasema: "Tita lake hulikagui. Alikuwa na msemo wake: kuni mbichi ni kama maneno matupu, moshi tele, moto hamna."

Kadogo akasoma, akamaliza, akapata kazi mji wa mbali. Nyumba ikabaki na mtu mmoja. Mama mdogo wa Kadogo, yaani mdogo wa marehemu, anakumbuka: "Dada aliniambia, leo tangu asubuhi sijafungua kinywa. Mdomo utaota kutu huu." Mwezi huo huo akanunua kinguruwe jike. Akakipa jina. Akakiita Kadogo.

Hebu fikirini, kumpa nguruwe jina la mwanao! Mdogo wake alimgombeza. Yeye akajibu: "Niache. Nataka jina hilo liitwe hapa uani kila siku." Nguruwe akakua, akanenepa, mlango wa banda akawa anapita kwa kujibana, na bado ni Kadogo. Watoto wake waliuzwa. Yeye hakuuzwa.

Mwenye bucha, mtu wa utani, alimtamani sana jike yule. Alipokataliwa, akatafuta namba ya binti, akampigia. "Mwambie mama yako aniachie Kadogo nimchinje, amenona mno!"

Binti akasema, "Kadogo ni mimi."

Lo! Papo hapo binti akapiga simu nyumbani. "Mama, umenifananisha na nguruwe?" Sasa mama huyu alikuwa na miezi miwili hajaisikia sauti hiyo. Furaha ikampanda. Akacheka, akacheka mpaka akashindwa kusema. Binti alichosikia ni kicheko tu. Akakata simu.

Miaka minne, wasikilizaji. Miaka minne hakupiga wala hakuja. Mama mdogo akamsihi dada yake apige yeye, aeleze. Akakataa katakata. "Maneno ya simu ni kuni mbichi. Aje mwenyewe, ataelewa." Kilikuwa kiburi, tusimpake marehemu asali. Lakini kila Jumamosi alitandika upya kitanda cha binti, kitanda kisicholaliwa. Na jioni alikaa kwenye gogo mbele ya banda, akimhadithia nguruwe habari za siku: nani kanunua kuni, nani kaolewa, mguu gani unauma. Habari za kumwambia mtoto, akimwambia mnyama.

Mwezi uliopita, asubuhi, mpishi alikwenda kuchukua kuni. Akamkuta ameegemea tita, kamba mkononi. Alikuwa ameshatutoka.

Binti alifika mazikoni. Watu walipotawanyika, mama mdogo akamwambia kwamba nguruwe ana siku tatu hajala. Binti akabeba ndoo ya pumba. Jike kageukia ukuta. Binti akagonga ndoo, wapi! Akabembeleza, wapi!

"Mwite jina lake, mwanangu," mama mdogo akasema.

Binti anatuambia mwenyewe: "Niliweka ndoo chini. Kisha nikaita kama mama alivyokuwa akiniita nikitoka shule. Kadogo! Kadogo mwanangu, njoo ule! Akainuka, akaja. Akaninusa mkono, halafu akachungulia nyuma yangu, anamtafuta mama. Hapo ndipo nikalia. Kumbe miaka yote minne nilikuwa naitwa."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole binti huyo, tunampa pole mama mdogo, na pole kwa mpishi, ambaye siku hizi ananunua kuni kwingine na macho yanamwasha. Mama Matita apumzike kwa amani. Nguruwe yupo, anakula. Mwenye bucha ameacha kuuliza.

Nawe unayetusikiliza, kama kuna mtu wa nyumbani uliyemkatia simu, iwe jana au miaka minne iliyopita, mpigie leo. Na akicheka, usikate.