Gwantwa Kibona, Aliyechunguza Mafuta Yaliyochoka

Gwantwa Sebastian Kibona alizaliwa Itumba, Ileje, tarehe 9 Agosti 1981, mtoto wa kwanza wa Mzee Sebastian Kibona na Mama Tusekile. Alikuwa na miaka kumi na miwili baba yake alipoanguka shambani na kufariki papo hapo, akiwa na miaka arobaini na mmoja tu. Mama akawachukua Gwantwa na mdogo wake, Loisi, wakahamia Mpemba, akaanza kukaanga samaki kando ya barabara kuu.

Samaki hao ndio waliomsomesha. Alimaliza sekondari Vwawa mwaka 2000, akaenda chuo kikuu Dar es Salaam, akarudi na shahada ya sayansi, lafudhi yake ya Kindali ikiwa palepale.

Mwaka 2008 aliajiriwa katika maabara ya utafiti jijini Mbeya. Alichunguza mafuta yaliyoharibiwa na moto na hewa, na yanavyozitenda seli za mishipa ya damu. Alipoulizwa nyumbani, alieleza kwa lugha ya jikoni: yakiwa kidogo, seli za ukuta wa mshipa huzaliana ovyo hadi njia inakuwa nyembamba, yakizidi, seli hufa.

Tarehe 16 Julai 2011 alifunga ndoa na Barnaba Mwashiuya, wakajaliwa Witness na Anyosisye. Barnaba alizoea viazi vya kuchemsha bila kunung'unika, au angalau bila kusikika.

Pale Mpemba wakaangaji hawamwagi mafuta ya jana. Huyaongezea mapya juu. Mwaka 2016 Gwantwa aliandika karatasi ya kuwasihi waache, akaigawa kibanda kwa kibanda, akakiruka cha mama yake. Aliona aibu kumfundisha jiko mtu aliyemlea kwa jiko hilohilo. Alikaa tu, akala samaki aliyewekewa, akashukuru. Mama alikuja kusomewa karatasi hiyo na jirani yake, Fides.

“Wenzangu wote umewaambia, mimi umenipita,” alimwambia Gwantwa. “Sasa mimi ni mgeni kwako?”

Gwantwa alipiga magoti akaomba radhi, na mama akayamwaga mafuta yale siku hiyohiyo.

Novemba 2023 kifua kilianza kumbana Gwantwa akipanda ngazi. Vipimo vikaonyesha mishipa ya moyo imeziba. Tangu hapo mama hakuwasha tena jiko. Kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, mama alimwambia, “Ni samaki wangu. Nimemlisha kifo kwa mkono wangu.” Neno hilo lilimuuma Gwantwa kuliko kifua chenyewe. Madaktari walieleza kwamba damu yake ilikuwa na mafuta kupita kiasi tangu kuzaliwa, kwa urithi wa upande wa baba. Mama alidhani anafarijiwa tu.

Gwantwa alifariki Alhamisi, 6 Machi 2025, saa tisa alasiri, hospitalini Mbeya. Siku mbili kabla alimwagiza Loisi asome maneno haya mbele ya watu, ili mama asiseme hakuyasikia: “Mama, hii ni kazi yangu, naijua. Mafuta yale hayakuwa mazuri, sikudanganyi. Lakini ugonjwa huu niliurithi kwa baba. Wewe ulinilisha nikaishi.”

Ameacha mume, Barnaba. Watoto wawili, Witness na Anyosisye, ambao wamekwisha kupimwa damu na wanafuatiliwa. Mdogo wake, Loisi. Na mama yake, Tusekile, ambaye hana kosa.

Gwantwa, Mungu akupe pumziko la amani.