Jina la Mzee Taratibu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemezwa kwenye ukuta wa duka la fundi cherehani, na kila mtu ana mahali pake. Wakili hukaa kushoto, kivuli kinapoanzia. Uwakili wake ni wa ubishi tu, kazi yake ni kuuza mikoba. Fundi mwenyewe, Dakika Mbili, hukaa kulia karibu na mlango wake, ili mteja akiulizia nguo amjibu "dakika mbili" bila kuinuka. Shangazi yuko mbele yao kwenye kigoda, na birika lake la kahawa. Katikati ya benchi pana nafasi ya mtu mmoja, na kwa wiki sita hakuna aliyeikalia, maana ni ya Mzee Taratibu, na Mzee Taratibu haonekani. Siku hiyo, saa nane na nusu mchana, alifika binti wa kaka yake Shangazi, mwanafunzi wa chuo cha sanaa, ambaye kijiwe kizima kinamwita Kioo kwa kuwa huchora juu ya kioo cha tableti. Alikuwa na tableti kwapani na fomu mkononi.

Kioo: Shikamooni. Naomba majina yenu kamili na namba za simu. Kazi yangu ya mwisho wa mwaka inapokelewa mpaka saa kumi, ikipita hapo mtandao wa chuo unajifunga.

Wakili: Marahaba. Jina langu halitoki hivi hivi, mwanangu. Nashtakiwa wapi?

Kioo: Nimewachora. Mwalimu anataka kila mwenye sura kwenye picha aandike jina na namba ya simu, halafu yeye hupiga kuhakikisha. Mwaka jana mama mmoja alijikuta kwenye ukuta wa maonyesho anapiga miayo. Alikuja chuoni na wanawe watatu.

Akawasha tableti, wakainamisha vichwa. Ilikuwa kazi ya miezi minne. Alianza na penseli, akijifanya anasoma huku akiwaibia sura zao kwenye daftari. Kisha akahamishia mistari kwenye tableti, kisha rangi, kisha vivuli, kila kitu kwenye leya yake, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine, ukitaka kuondoa moja unaichomoa bila kugusa zilizobaki. Na benchi lilitoka kweli. Katikati alikaa Mzee Taratibu akicheka, shati lake jeupe likiwamulikia wengine wote.

Wakili: Pua hiyo si yangu.

Dakika Mbili: Ni yako. Sema hujawahi kuitazama ukiwa kwa mbali.

Wakaandika. Shangazi naye akaandika jina ambalo hata Wakili alilisoma mara mbili, maana hakuwahi kulisikia. Ikabaki mistari miwili mitupu kwenye fomu, wa jina na wa simu, na Kioo akaishika kalamu tayari.

Kioo: Na Mzee Taratibu anaitwa nani?

Wakatazamana.

Dakika Mbili: Si Taratibu?

Kioo: Jina lake, Fundi. La kwao.

Shangazi: Mimi kikombe chake ninacho. Jina sina.

Wakili: Ngoja. Miaka tisa nakaa naye hapa. Ngoja kidogo, linakuja.

Halikuja. Kioo akahesabu muda uliobaki. Mwaka huu alikuwa anaurudia, na chuoni hapo mtu harudii mara mbili. Baba yake alishamwambia kwamba safari hii akianguka, atarudi nyumbani kufanya kazi dukani, michoro achore kwenye maboksi.

Shangazi: Mtoe basi kwenye picha. Si umesema unachomoa?

Hapo ndipo machozi yalipomkaribia. Tableti ilikuwa ya kununua mkononi kwa mtu, imejaa, inaganda kila dakika. Asubuhi ile, ili impe nafasi ya kumalizia, alizibana leya zote zikawa moja, akahifadhi. Mwaka mzima mwalimu aliwaambia wasibane kabla ya kubakiza nakala. Hakubakiza.

Kioo: Hatoki, Shangazi. Mkono wa Wakili uko nyuma yake, goti la Fundi liko mbele yake, mwanga wote unatokea kwenye shati lake. Nikimkata huyu, mnatoka wote.

Dakika Mbili: Mgeuze mti.

Kioo: Mti umekaa kwenye benchi unakunywa kahawa?

Wakili: Andika jina lolote, na namba yangu. Wakipiga, nakohoa kizee.

Kioo: Namba yako tayari iko mstari wa juu.

Shangazi akajaza vikombe. Saa ya ukutani mle dukani ilisema saa tisa na dakika tano. Kwa kuwa hakuna aliyejua jina, wakaanza kutafuta kwa nini hakuna anayelijua, maana kijiweni kosa likishakuwa la wote hutafutiwa mwenyewe.

Wakili: Mimi nasema alikuwa jaji. Mtu kafunga watu nusu ya mji huu, atakutajia jina? Ndiyo maana kila ukianza kubishana anasema taratibu, taratibu. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Dakika Mbili: Jaji gani. Yule ni mpelelezi. Tangu mwaka jana nimempunguzia suruali mara tatu kiunoni, ileile. Mtu mwema anabadilisha kiuno? Alikuwa anajigeuza umbo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wakili: Mara tatu?

Dakika Mbili: Na kila mara inamkaa vizuri. Bandu bandu huisha gogo, ndugu yangu, mkono wangu hausemi uongo.

Wakili: Basi nimeshaelewa. Walikuwa wawili. Pacha. Yule wa kwanza, mnene, alikunywa kahawa na vijiko vinne vya sukari. Huyu wa mwisho hakutaka hata chembe. Shangazi, ni kweli si kweli?

Shangazi: Ni kweli aliacha. Nikamtania, nikamwambia ameona mchumba.

Dakika Mbili: Na maji. Huyu wa pili alikuwa anakunywa maji kama anazima moto. Pacha wa jangwani huyo, si bure.

Wakacheka, hata Kioo akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri kunyongwa. Huku anacheka alikuwa anapekua daftari lake la penseli, pengine siku moja mzee alitaja jina akaliandika pembeni. Alikuta nyuso sita za mzee, kila moja na tarehe yake.

Shangazi: Mbona hizi hazifanani na ile ya kwenye kioo?

Kioo: Ni mkono wangu. Kila nilipomchora upya alitoka mwembamba zaidi. Mwalimu hutuambia tuchore tunachokiona, si tunachokijua, lakini niliona ninakosea, nikafuta, nikafuta. Mwisho nikarudia mashavu ya mchoro wa kwanza.

Saa tisa na dakika ishirini. Ndipo aliposimama mbele yao mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, mkononi ana chupa ya chai na mfuko wenye shuka. Akawaamkia, wakaitikia, Dakika Mbili akamwambia nguo yake bado dakika mbili.

Mgeni: Sikuleta nguo. Namtafutia mtu watu wake. Kuna mzee alikuwa anakaa hapa, mrefu, kila kitu taratibu, taratibu?

Wakili: Ndiye huyo tunamzungumza sasa hivi.

Mgeni: Ni baba yangu. Sukari imemlaza, hii wiki ya sita yuko wodini. Ilianza mwaka jana, tukidhani ni uzee tu.

Dakika Mbili alitazama vidole vyake. Shangazi alisema pole, kisha akaisema tena, kwa sauti ambayo Kioo hakuwa ameisikia kwake.

Mgeni akaiona tableti mapajani mwa Kioo. Akainama, akatabasamu kwa uchovu.

Mgeni: Ni yeye. Ila hapa mmempa mwili. Sasa hivi amebaki kama yule.

Alinyoosha kidole kwenye daftari, kwenye uso wa sita, ule ambao Kioo aliufuta mara nne akidhani mkono wake unamdanganya. Moyo ulimuuma Kioo. Macho yake yaliona mapema kuliko ya mtu yeyote pale, naye akayasahihisha.

Mgeni: Jana amezungumza vizuri kidogo. Amesema niwaite rafiki zake wa benchi. Lakini wodini wanaruhusu mmoja tu, na saa ya kuona wagonjwa ni kumi. Kwa hiyo nauliza, nani kati yenu ndiye rafiki yake?

Wakili alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina hilo, akaufunga. Dakika Mbili alisema "dakika..." akaiacha hapo. Fomu ilikuwa juu ya goti la Kioo, mistari miwili mitupu, na mtu wa kuijaza amesimama hatua moja mbele yake. Lilihitajika swali fupi tu, baba anaitwa nani, na mwaka wake ungepona. Lakini yeyote ambaye angeliuliza swali hilo angekuwa amemjibu mwanamke huyu lake, kwamba pale hapakuwa na rafiki anayejua hata jina la baba yake. Kioo akaigeuza fomu kifudifudi.

Shangazi alikitoa kikombe cha mzee kwenye ndoo, akakifuta kwa kitambaa, akainamisha birika ampe mgeni anywe. Yalitoka matone mawili, kisha machicha.

Mgeni: Hapana haraka. Mimi nasubiri tu mniambie.

Saa ya mle dukani ilisema saa tisa na nusu, na bado alikuwa anasubiri.