Bi Mizani na Uchungu wa Dawa Tupu

Mfamasia mkuu wa hospitali yetu anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Wengi mnamjua kwa jina la Bi Mizani. Wauguzi walimpa jina hilo kwa sababu hata sukari ya chai yake huichota, akaiangalia, kisha akapunguza kidogo. Alianza kwa kugawa dawa dirishani, akasoma akiwa kazini, hadi akaja kuisimamia famasia nzima. Ni yeye pekee aliyeweza kuusoma mwandiko wa daktari wetu wa upasuaji bila kumpigia simu.

Lakini kazi itakayobaki na jina lake ni ule utafiti wa dawa za mgongo. Kwa wasioujua, nieleze taratibu. Kwa miaka mingi, mtu aliyeshikwa na mgongo ghafla alipewa dawa kali ya jamii ya mofini, nasi tukiamini inamsaidia. Ili kujua kwa hakika, nusu ya wagonjwa hupewa dawa yenyewe, na nusu hupewa maji matamu yasiyo na kitu, yaani dawa tupu. Wote huelezwa mapema na kukubali, ila si mgonjwa wala daktari anayejua nani kapata ipi. Tumaini peke yake hupunguza maumivu, kwa hiyo pande zote mbili lazima ziwe na tumaini sawa.

Bi Mizani ndiye aliyeandaa chupa. Alikuwa na sababu ya kuitaka dawa kali ishindwe: mdogo wake wa kike, mshonaji nguo, aliwahi kuandikiwa dawa hiyo kwa ajili ya mgongo, mwili ukaizoea, na kuiacha kulimtoa jasho mwaka mzima. Ndiyo maana, asije akaipendelea nia yake, alishikilia kwamba ipimwe kwa haki.

Mambo yaliharibikia kwenye benchi la kliniki. Wagonjwa wetu wawili, seremala na dereva wa lori, walionjeshana dawa zao. Seremala akamtangazia mwenzake, watu wote wakisikia: "Ndugu yangu, yako sharubati, yangu shubiri." Benchi zima likaanza kulinganisha. Wenye chungu waliondoka wakijisikia nafuu kabla hata ya kumeza, wenye tamu wakaondoka wamenuna.

Kosa lilikuwa la Bi Mizani. Alikuwa amelinganisha rangi na uzito, ladha akaisahau. Mkuu wa utafiti alitaka tuendelee, akisema porojo za wazee wawili haziwezi kuangusha kazi kubwa namna ile. Bi Mizani alimjibu kwa upole: "Daktari, hapa hatupimi tena dawa. Tunapima ulimi." Utafiti ukaanza upya, naye akawapigia simu wagonjwa wote mwenyewe kuwaomba radhi.

Ukafuata msimu wa uchungu. Alitafuta kiungo kichungu kisicho na madhara, akatugeuza sote waonjaji: tone kwenye ulimi, tema, sukutua. Mpishi wa kantini alikunja uso asubuhi nzima hadi wateja wakadhani bei zimepanda. Mwisho akaitwa seremala, ambaye sasa hakuwa tena kwenye utafiti. Akaonja zote mbili, akaomba maji.

"Mama," alisema, "zote adhabu."

Famasia nzima ilipiga makofi.

Siku ya kufungua majibu, ukumbi ulijaa. Makundi yote mawili yalikuwa yamepona sawasawa, ila waliokunywa dawa kali walifunga choo na kusikia kizunguzungu zaidi. Isieleweke vibaya: baada ya upasuaji, na kwa wenye saratani, dawa hizi bado ni msaada mkubwa. Kwa mgongo wa ghafla hazikuongeza kitu, na hakuna aliyeweza kusema matokeo yamepikwa. Hospitali ilibadilisha mwongozo wake, na nyingine zikafuata.

Leo mshonaji akishikwa na mgongo, huelezwa vizuri, hutiwa moyo atembee, na hurudi kwenye cherehani yake bila chupa mkononi. Bi Mizani, tunakushukuru kwa hilo. Tunakuombea afya njema, wajukuu wasumbufu kiasi, na chai yenye sukari unayoitaka. Na ujue wako watu wengi, usiowajua wala wasiokujua, wanaolala usingizi wao wenyewe, si wa dawa, kwa sababu ulikubali kuanza upya.