Uso wa Kijani

Kijiwe cha Hashil Buli, muuza kahawa, ni benchi moja kwenye pembe ya mtaa wa Msimbazi. Wanaokaa pale ndio waliokula vitumbua vya mama yangu, Mauza, mpaka alipofariki. Nilikuwa na miaka miwili, na nyumbani hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Jana niliwapelekea picha. Tangu nitolewe shule namfulia memsabu mmoja wa Kizungu, mchoraji, mtaa wa Mchafukoge. Zamani alimchonga kwenye mbao muuza vitumbua wa Msimbazi, akapaka rangi, akachapa kwenye karatasi. Jina hakuuliza. Sasa picha inakwenda Ulaya, kwenye makumbusho. Nikihakikisha ni mama, ataandika “Mauza” chini yake. La sivyo, “Mwanamke”.

— Shikamooni. Naomba mtazame. Ni mama yangu?

— Marahaba, mwanangu, akasema Hashil. Mbona kijani? Mauza hakuwa kijani.

— Hujui kitu, akadakia Kasmir Stempu, karani wa posta. Wazungu hupaka tabia ya mtu. Kijani, mpole. Shingo nyekundu, ana siri.

— Siri gani, ya kuumua unga? akauliza Hashil. Na jicho la pili liko wapi?

— Linakuja na meli ijayo! akajibu Kasmir.

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikawaonyesha alama kwenye shavu la picha.

Hashil akaweka buli chini.

— Kovu la mafuta. Mauza alikuwa nalo, lakini shavu la kulia. Hili la kushoto. Siye, mwanangu. Pole.

— Ngoja! akasema Polycarp Randa, seremala wa karakana ya reli, Gerezani. Ubao ukichapa, kulia huwa kushoto. Kama muhuri wa Kasmir. Ndiye!

— Ndiye nini? Kovu lilikuwa kushoto, akasema Kasmir. Nililiona kila asubuhi.

— Kila asubuhi ulitazama kitumbua, bwana we! akasema Polycarp.

— Na wewe ulitazama nini?

Mgeni mmoja aliyetoka stesheni alikuwa akingoja kahawa, mzigo miguuni.

— Samahanini, akasema. Kwani binti huyu hafanani na mama yake?

Wote wakanigeukia. Nikavuta nyuma ukaya wangu wa kichwani, nikainua uso ili wauone vizuri. Hashil akakiri kwamba kovu analikumbuka, lakini uso wa Mauza umemtoka. Polycarp akatazama viatu vyake. Kasmir akanywa kutoka kwenye kikombe kitupu.

Nikaiviringisha karatasi, nikairudisha Mchafukoge.

— Niandike nini? memsabu akauliza.

Nikamwambia aandike “Mwanamke”. Huenda huyo wa pichani naye ana binti anayemtafuta.