Bi Kilele na Sampuli ya Mumewe

Ndugu waombolezaji, ukoo umenituma, mimi mdogo wake niliyemwachisha ziwa, niwasomee maisha ya dada yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, akahitimu shahada ya kemia mwaka 1990, na tarehe 2 Januari 1991 akaajiriwa katika maabara ya kupima dawa na viungio vya vyakula.

Huko alikabidhiwa mashine ya kromatografia, inayosukuma kimiminika kwenye mrija mwembamba na kutenganisha vilivyomo, kila kimoja kikachora kilele chake, akaizoea hadi wenzake wakambatiza Bi Kilele, na harusini tulimkanya asimulike glasi ya sharubati kwenye taa kabla ya kunywa.

Tarehe 14 Agosti 1993 alifunga ndoa na mtengenezaji wa sharubati za chupa, wakajaliwa mabinti wawili, naye alimpenda mumewe bila kubakiza, na hilo ndilo lililomponza.

Kanuni ya maabara ni kwamba sampuli huchukuliwa dukani na mkaguzi, haipokelewi kwa mwenye mali, na dada aliivunja mara moja tu, Machi 2014, mkaguzi alipochelewa, mume akamwekea chupa mbili za sharubati yake mezani nyumbani, akamwambia kama huniamini mimi utamwamini nani, dada akazipima, zikawa safi, akatia saini sharubati iuzwe. Julai alinunua sharubati hiyohiyo kwenye kioski, akaipima, kikasimama kilele cha rangi ya kutia nguo, iliyopigwa marufuku kwenye chakula, akarudia akidhani mashine imekosea, ndipo akajua zile chupa zilitengenezwa kwa ajili yake peke yake. Aliumia sana, jamani, kikulacho ki nguoni mwako.

Alijishtaki mwenyewe, sharubati ikaondolewa madukani, akafukuzwa kazi tarehe 30 Septemba 2014, huku mume akitangaza kwamba aliyepitisha ni mke, yeye si mkemia, na baadhi yenu mliyaamini hayo mkaacha hata kumsalimia.

Aliugua kansa ya kongosho tangu Novemba 2022, akafariki alfajiri ya tarehe 6 Februari 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomfulia na kumpikia, na wenzake wa maabara waliokuja kumwona. Mgane wake, aliyeketi hapa mbele, aliomba habari za kazi zirukwe, lakini marehemu aliagiza kosa lake lisomwe na la mumewe lisomwe, kila mmoja na lake.

Tumesoma. Pumzika kwa amani, dada, na kosa lako moja tu.