Nyota Pembeni ya Kilimia

DADA: Haloo? Ni nani mwenzangu? Namba hii siijui.

KITINDA: Ni mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mimi nani? Paza sauti, nipo kwenye cherehani.

KITINDA: Kitinda.

DADA: Aa, kitindamimba wetu. Ngoja nisimamishe hii mashine. [cherehani inanyamaza] Haya. Simu ya nani hii unayotumia?

KITINDA: Ya mteja. Nimeitengeneza, namsubiri aje kuichukua. Nimetia vocha yangu humu, kidogo tu.

DADA: Na yako ina nini? Tangu jana naipigia, inaita mpaka inachoka.

KITINDA: Yangu ina... kioo kinasumbua.

DADA: Fundi simu mzima, kioo chako kinakusumbua. Wateja wakisikia watakukimbia. Lakini umepiga wakati mzuri, nashona kitambaa cha kufunikia picha.

KITINDA: Picha gani?

DADA: Picha gani tena? Ya nyota ya mama. Fundi fremu ameileta leo mchana. Kubwa hiyo, Kitinda, kama mlango. Baba ameshasogeza kabati la vyombo peke yake, anataka ikae sebuleni pale ambapo mtu akiingia tu—

KITINDA: Dada, ndiyo maana nime—

DADA: Ngoja nimalize. Jumamosi ndugu wote wanakuja kuiona. Shangazi, mjomba, hata yule binamu aliyenuna tangu mazishi. Baba ndiye atakayefunua. Hotuba anaifanyia mazoezi bafuni, anadhani maji yanatuziba masikio. Haloo? Upo?

KITINDA: Nipo. Mtandao tu.

DADA: Mimi nilikuwa siamini mambo yako ya darubini, nakwambia ukweli. Mtu mzima kukaa uani na bomba, anapiga picha ya anga ambalo kila mtu analiona bure. Lakini siku hizi baba ananyoa ndevu mwenyewe. Si unakumbuka alivyokuwa? Sahani inaenda, inarudi vile vile. Sasa giza likianza kuingia anatoa kiti chake nje, anaitazama Kilimia, kile kishada cha nyota, na nyota yetu pale pembeni. Anasema anaiona bila hata hilo bomba lako.

KITINDA: Amesema anaiona?

DADA: Yupo nje sasa hivi. Anasema inametameta.

KITINDA: Haiwezekani, dada.

DADA: Kwa nini isiwezekane? Nyota si ni ya watu wote?

KITINDA: Kwa sababu... [mikwaruzo]

DADA: Husikiki. Unakatika katika.

KITINDA: Kwa sababu haipo.

DADA: Nini haipo?

KITINDA: Nyota. Nyota ya mama haipo.

DADA: Imezimika?

KITINDA: Haikuwahi kuwapo.

DADA: Kitinda, nina sindano mkononi. Usinitanie.

KITINDA: Natamani ningekuwa natania. Juzi nilielekeza darubini upande mwingine kabisa wa anga. Kuna nyota nyingine kule zimesongamana kishada, kama Kilimia ila ndogo. Nikapiga picha. Kuja kuangalia, nyota ya mama ipo. Kona ile ile, chini kushoto.

DADA: Labda imehama.

KITINDA: Nyota hazihami hivyo. Nilijiambia maneno hayo hayo, dada, labda imehama. Nikachukua kile kifuniko cheusi, nikaifunika darubini mdomo, giza tupu, nikapiga tena.

DADA: Halafu?

KITINDA: Ikawepo.

DADA: Na kifuniko juu?

KITINDA: Na kifuniko juu. Kilimia hakuna, anga hakuna, picha yote nyeusi tii. Ya mama peke yake inawaka. Ni ubovu wa kamera. Ndani mle kuna vitundu vidogo vidogo vinavyopokea mwanga. Kimoja kikiharibika kinawaka chenyewe, hasa ukiiacha kamera wazi kwa muda mrefu. Basi. Ni doa.

DADA: Doa.

KITINDA: Ndiyo.

DADA: Wewe si fundi simu? Madoa ya vioo si ndiyo kazi yako?

KITINDA: Ndiyo kazi yangu. Wiki hii hii kuna mama kaniletea simu, amekisugua kidoa mpaka kioo kimepauka. Nikamcheka. Nikamwambia hicho, mama, hakifutiki, kipo ndani. Nikamcheka mbele ya watu, dada.

DADA: Lakini ulituambia umehakikisha. Nilikuuliza mimi mwenyewe, umehakikisha? Ukaniambia mmehakikisha wewe na wenzako wa darubini.

KITINDA: Wenzangu waliniambia kwenye kundi letu la simu, funika kwanza upige, ndipo useme. Ni jambo la kila anayeanza. Nikaona wana wivu. Nikawajibu vibaya, nikajitoa kwenye kundi.

DADA: Kwa hiyo hamkuhakikisha.

KITINDA: Hatukuhakikisha.

DADA: Ulimshika baba mkono, Kitinda. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sinia la chai. Ukamwambia, baba, nyota hii imetokea wiki ile ile mama alipoondoka.

KITINDA: Nakuomba, dada.

DADA: Wiki ile ile. Mimi wiki ile nililala kwenye benchi la hospitali, nakupigia uje. Ukasema duka limekubana.

KITINDA: Lilikuwa lime—

DADA: Duka linafungwa jioni. Picha za nyota zinapigwa mchana? Siku ile ulipotuletea picha nilihesabu moyoni, nikanyamaza. Nikasema baba amecheka, acha acheke. Leo nakuuliza.

KITINDA: Anga lilikuwa safi. Mvua zilikuwa zinakaribia, nikajua nikikosa wiki ile nimekosa mwaka. Nikajiambia nitakuja kesho. Kila siku nilikuwa nakuja kesho.

DADA: Na mama akawa anauliza, mtoto wangu wa mwisho amefika? Nikawa namwambia yupo njiani.

KITINDA: Hukuniambia hilo.

DADA: Ningekuambia ili iweje?

KITINDA: Naona aibu, dada. Kila anayepita dukani ananipongeza, mwenye nyota, mwenye nyota. Simu yangu nimeifungia kwenye droo kwa sababu shangazi ananitumia pongezi. Sijui uso wangu niuweke wapi.

DADA: Kwa hiyo kioo hakina kitu.

KITINDA: Hakina kitu.

DADA: Haya.

KITINDA: Mwambie wewe baba. Wewe anakusikiliza, utajua namna ya—

DADA: La.

KITINDA: Dada, mimi nikimwambia ata—

DADA: La, nimesema. Habari ya mama nilimpelekea mimi, peke yangu, akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi anasubiri kusikia amepata nafuu. Hii utaibeba wewe. [nyayo, mlango] Baba, Kitinda yuko kwenye simu.

KITINDA: Dada, subiri, sijajipanga—

BABA: Mnajimu wangu.

KITINDA: Shikamoo, baba.

BABA: Marahaba, marahaba. Umenikuta kitini. Leo imetulia vizuri, haina wasiwasi kabisa. Na huko kwenu unaiona?

KITINDA: Baba, naomba unisikilize bila kunikatiza, maana ukinikatiza nitashindwa.

BABA: Sema, baba.

KITINDA: Ile nyota si nyota. Ni ubovu wa kamera yangu. Nimeipima mara nyingi. Nilikuambia nimehakikisha, na sikuwa nimehakikisha chochote, nilitaka tu iwe kweli. Hakuna nyota ya mama, baba. Unayoiona hapo sijui ni nini, lakini siyo hiyo.

BABA: [Kiti kinalia.]

KITINDA: Baba?

BABA: Nipo. Namsikilizia dada yako kama ameingia ndani. [mlio wa cherehani] Ameingia, cherehani imeanza. Haya, na mimi nikuambie langu. Mimi sijawahi kuiona.

KITINDA: Hujawahi kuona nini?

BABA: Hiyo nyota. Wala Kilimia yenyewe. Mtoto wa jicho ameziba kotekote. Taa ya jirani hapo mbele naiona kama imezama kwenye bakuli la maziwa. Nakaa hapa nakodolea giza.

KITINDA: Sasa kwa nini unasema inametameta?

BABA: Si nyota zote zinametameta?

KITINDA: Baba.

BABA: Wewe tangu mama yako aanze kuumwa hukuonekana. Ukaja mazishini umeinamisha kichwa, ukaondoka umeinamisha kichwa, hata maji hukunywa. Nikasema huyu naye ameshakwenda. Halafu siku moja ukaingia na picha yako unahema, ukaweka kiti chako karibu na changu, ukanionyesha kwa kidole, baba ni hii hapa. Mimi naona karatasi nyeusi. Lakini ulikaa mpaka jua likazama. Ukasema utakuja tena. Nikaona kumbe kinachomleta mtoto ni nyota. Basi nikaiona.

KITINDA: [analia]

BABA: Nikisema siioni, ungekuja kufanya nini?

KITINDA: Usiseme hivyo, baba. Afadhali ungenitukana.

BABA: Nikutukane kwa vocha ya nani?

KITINDA: [anacheka huku analia] Ni yangu. Inakwisha.

BABA: Basi tuache matusi.

KITINDA: Na wewe macho yamefika hapo, hukutuambia.

BABA: Dada yako amechoka kuuguza. Muache ashone. [mlio wa salio] Nini hiyo?

KITINDA: Salio. Baba, Jumamosi ndugu wanakuja, nitawatazamaje? Shangazi ameshawaambia watu wote kwamba—

BABA: Ndugu wanakuja kula. Ungewaambia nimenunua kiti kipya wangekuja vile vile.

KITINDA: Na picha?

BABA: Kabati nimeshalisogeza, mgongo unaniuma mpaka sasa, silirudishi. Hizo nyota nyingine kwenye picha, nazo ni madoa?

KITINDA: Hapana. Hizo ni za kweli. Zote, baba, moja moja, naapa.

BABA: Usiape. Zitatutosha. Ila utasimama mwenyewe mbele yao useme ulivyoniambia mimi. Sitakusemea.

KITINDA: Sawa.

BABA: Utaona aibu.

KITINDA: Ninayo tayari.

BABA: [mlio wa salio] Sasa nijibu moja kabla haijakata. Nyota hakuna, na mimi sioni. Jumamosi unakuja, au ulikuwa unaifuata nyota?

KITINDA: Baba, mimi nita—

[Simu imekatika.]

BABA: Haloo? Haloo? Umesemaje?

DADA: [akitoka ndani] Imekata?

BABA: Imekata.

DADA: Amekuambia?

BABA: Ameniambia.

DADA: Pole, baba. Na Jumamosi, amesemaje?

BABA: [kiti kinalia] Amesema anakuja. Wewe malizia kitambaa chako.