Bi Geuza, Fundi Aliyekagua Mshono wa Daktari

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1949, mtoto wa tano wa mpiga pasi na muuza vifungo. Alisoma hadi darasa la nne, akaachishwa ili amsaidie mama yake dukani.

Mwaka 1966 alianza kazi ya cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa, akaifanya miaka hamsini na mmoja. Nguo ya fundi mwingine hakuisifu kabla ya kuigeuza na kuuvuta mshono. Ndipo wateja wakamwita Bi Geuza. Hata dereva wa lori aliyefunga naye ndoa tarehe 14 Agosti 1971 alichunguzwa kwanza miezi kumi na minane. Mume huyo alimtangulia mwaka 2004.

Mjukuu wake wa mwisho alizaliwa mwaka 2012, utumbo umejisokota. Madaktari walimwokoa kwa kuutoa utumbo kwenye tundu tumboni, haja ikawa inaingia kwenye mfuko uliobandikwa hapo. Alipofika miaka mitatu, daktari wa upasuaji wa watoto alisema sasa utumbo unaweza kuungwa na kurudishwa ndani bila kupasua tumbo zima, kwa matundu madogo na kamera. Binti wa marehemu hakutaka kutia saini bila kauli ya mama yake. Bi Geuza akakataa.

"Anayefungua padogo ana la kuficha. Na hiyo kamera, kuna harusi humo ndani?"

Miezi saba ikapita. Mtoto hachezi na wenzake, anaogopa mfuko utaachia. Daktari hakukasirika. Alimwita Bi Geuza, akaweka vitambaa viwili ndani ya sanduku lililofunikwa, akapitisha vyuma vyembamba kwenye matundu, akashona macho yakiwa kwenye skrini.

"Haya mama, kagua."

Akageuza. Akavuta kwa vidole, kisha kwa meno. Mshono haukuachia.

"Hm. Uzi unaubana mno, mwanangu, lakini mkono unao." Akamgeukia binti yake. "Tia saini."

Upasuaji ulifanyika tarehe 3 Novemba 2015. Hata hivyo, siku ya nne Bi Geuza alisimama mlangoni pa choo alimokuwa mjukuu. "Usiniambie umemaliza. Nionyeshe." Alipoona haja imepita njia yake, alikaa sakafuni akalia.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2023. Kila kidonge alimuuliza muuguzi kama yeye angekimeza. Alifariki tarehe 21 Juni 2024, saa nne asubuhi, ameshikwa mkono na mjukuu huyo.

Ameacha dada mmoja, watoto wanne na wajukuu tisa. Daktari yule naye yupo hapa msibani, amekaa nyuma kabisa. Familia inamwomba aje mbele, akae nasi. Watu aliowaamini marehemu walikuwa wachache, na yeye ni mmoja wao.

Mungu amlaze mama yetu kwa amani.